Bi Mkubwa na Bi Mdogo Machoni Mwangu

Jumamosi, 7 Machi

Daftari hili nilipewa bure na wauza saruji. Lina picha ya mfuko wa saruji kwenye jalada na nafasi ya kuandika kila siku ya mwaka, nami tangu Januari nimelitumia kukazia dirisha la jikoni lisipigwe na upepo. Leo nimelitoa dirishani kwa sababu nina jambo moyoni, na nikimsimulia mume wangu kwa mara ya tano atahama nyumba.

Mechi ya kwanza ya msimu, na mvua ilianza dakika ya kumi. Miwani yangu ilikuwa na maji nje na ukungu ndani, ikawa nachezesha mpira kwa masikio. Dakika ya sitini na mbili mpira ukapigwa kwenye eneo la hatari, ukamgonga beki mahali fulani kati ya kiuno na kichwa. Watu wakapiga kelele, "Mkono, mkono," na filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Nikapuliza. Penalti, goli, mechi ikaisha moja bila. Yule beki akanijia akasema kwa sauti ya chini, bila tusi hata moja, "Refa, ulinigonga kifuani." Bora angenitukana, ningempa kadi yake nikalala usingizi.

Mkaguzi wa waamuzi alikuwa jukwaani. Sisi humwita Kalamu, kwa sababu hata akinywa chai mkono mmoja unaandika. Akanikuta mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo.

"Dada, mbio zako nzuri, filimbi yako nzuri. Macho umeyaacha wapi?"

"Ni mvua, mzee."

"Mvua imetunyeshea wote."

Nina miaka thelathini na tisa. Kwa kanuni za chama chetu, mwamuzi akitimiza arobaini hapandishwi daraja tena, anabaki alipo mpaka magoti yakatae. Kwa hiyo msimu huu ndio wangu wa mwisho wa kupanda daraja la kwanza, na anayetia sahihi ni Kalamu. Amesema atarudi kunitazama tarehe 16 Mei, mechi ya kufunga msimu. Miaka kumi na moja nimekimbia kwenye viwanja vya matope na magoli yasiyo na nyavu. Mbele za watu nasema nikipata sawa, nisipopata sawa. Hapa naandika ukweli, nalitaka sana daraja hilo.

Jumapili, 8 Machi

Mume wangu ni fundi friji na kila mtu humwita Fundi, nami pia. Leo amekata mpira wa mlango wa friji mbovu akaubandika juu ya miwani yangu uwe kama kibaraza cha kuzuia mvua. Nilipojitazama kwenye kioo niliona mchomelea vyuma. Mama mkwe, anayeishi nasi, akasema dawa ni kupaka sabuni kwenye vioo. Nikapaka, nikasimama chini ya bomba kujaribu. Povu lote likaingia machoni.

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa macho. Ni msichana mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, mpole, anaongea kama mtu aliye maktaba. Nikamweleza habari ya mvua na filimbi. Akasema kuna lenzi za kuvaa ndani ya jicho, za siku moja: asubuhi unafungua mpya, jioni unaitupa. Akaniwekea aina mbili mezani. Moja iko kwenye boksi la rangi ya dhahabu, nyingine kwenye boksi jeupe. Ya dhahabu inapitisha hewa zaidi na kutunza unyevu siku nzima, nayo ni laini ukingoni. Ya boksi jeupe inaonyesha sawasawa na mwenzake, ila jioni inaweza kukauka kidogo. Bei ya boksi moja la dhahabu inanunua matatu meupe.

"Ipi ni bora?" nikamuuliza.

"Ya dhahabu, dada, kwa utengenezaji. Lakini utavaa siku ngapi kwa wiki?"

"Kila siku," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye uwezo.

Akanitazama kidogo, akaandika. Akanipa jozi tano za kila aina nijaribu. Mara tatu alirudia kwamba lenzi ikitoka jichoni inakwenda kwenye pipa. Nilihesabu, nikajisemea moyoni kwamba huyu ni mfanyabiashara hodari, anataka nirudi kununua.

Jumatano, 11 Machi

Kuivaa, dakika arobaini. Kuivua, saa nzima na familia nzima. Fundi ameshika tochi, mama mkwe ameshika kope yangu ya juu, mimi nashika sinki. "Mwanangu, ukikodoa kama ng'ombe itatoka," anasema mama. Ilitoka yenyewe nilipocheka.

Alhamisi, 12 Machi

Leo dakika ishirini.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua ilikuwa ileile, ila mimi nilikuwa mtu mwingine. Nilivaa zile za boksi la dhahabu. Niliona kamba za viatu. Niliona mshika kibendera amenyoa vibaya upande mmoja. Kulikuwa na mchezaji mwenye tabia ya kumkanyaga mwenzake kisigino refa akigeuka, nikamwita, nikamwonyesha kidole changu cha kwanza kisha nikaonyesha jicho langu. Hakurudia. Nimefurahi leo kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Nyumbani nimewapa majina. Za dhahabu nimeziita Bi Mkubwa, kwa sababu zina heshima na gharama. Za boksi jeupe ni Bi Mdogo. Fundi anasema yeye hakuwahi kuoa mke wa pili, na sasa mkewe ndiye ameleta wake wenza ndani ya nyumba.

Jumapili, 15 Machi

Nimefungua friji kutafuta maziwa nikakuta kichupa cha jamu kina maji, na ndani yake lenzi nne zinaelea. Mama mkwe amezitoa kwenye pipa.

"Mama, hizi zimeshatumika."

"Kitu kizima kabisa. Hakijapasuka, hakijachubuka. Akiba haiozi, mwanangu."

Katika nyumba hii mifuko ya plastiki inafuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Misumari iliyopinda inanyooshwa. Friji tunayotumia imetokana na friji tatu zilizokufa. Sikuwa na nguvu ya kubishana, nikarudisha kichupa mahali pake.

Jumanne, 17 Machi

Bi Mdogo dukani kutwa nzima. Nauza vifaa vya ujenzi, na leo wameshusha mifuko mia mbili ya saruji. Kufika saa kumi jioni macho yalikuwa makavu kama saruji yenyewe. Alama moja kwa Bi Mkubwa.

Alhamisi, 19 Machi

Fundi anasema nina upendeleo, nami ni refa, ni aibu. Akaleta jaribio. Asubuhi nikageuka ukutani, yeye akafungua kifuko kimoja cha kila aina, akanipa lenzi ya jicho la kulia kisha ya kushoto bila kuniambia ipi ni ipi. Akaandika kwenye karatasi, akaitia mfukoni. Kila mke mwenza na chumba chake.

Jioni wakakaa kunisikiliza, yeye na mama, kama mahakama. Nikasema bila shaka yoyote Bi Mkubwa yuko kulia, maana jicho la kulia halikujua kabisa kama lina mgeni. Fundi akatoa karatasi. Kulia alikuwa Bi Mdogo. Mama alicheka mpaka akatafuta kiti.

Nimewaambia leo kulikuwa na mvua na hapakushushwa saruji, hewa yenyewe ilikuwa mbichi, kwa hiyo jaribio halihesabiki. Wamesema sawa, refa, kwa namna ile wachezaji wanavyosema sawa, refa.

Jumamosi, 21 Machi

Nimenunua boksi la dhahabu. Daktari akaniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu rahisi ghali, na macho hayana spea. Huyu dada ana maswali mengi kwa mtu anayeuza.

Zimo jozi kumi na tano. Mpaka Mei 16 ni wiki nane. Nitavaa siku za mechi na siku moja moja dukani, mambo yatakwenda.

Jumamosi, 28 Machi

Mechi safi. Tatu mbili. Makocha wote wawili wamenipa mkono.

Jumapili, 29 Machi

Jana usiku nilisimama mbele ya pipa na lenzi kwenye ncha ya kidole. Nilivaa kwa saa tatu tu, na mbili tu zilikuwa za mechi. Kitu kizuri hivi, kilichonigharimu hivi, nitupe? Mama alikuwa mlangoni. Alinipa kichupa kisafi na maji aliyoyachemsha yenye chumvi kidogo, kama mtu anayempa mwenzake siri ya ukoo.

Jumamosi, 4 Aprili

Jozi ya wiki iliyopita, mechi ya leo. Sikuona tofauti yoyote. Nimeanza kuamini kwamba habari ya siku moja ni hadithi ya wenye viwanda, na kwamba katika nyumba hii mwenye akili kuliko wote ni mama mkwe.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Saruji imelowa, tajiri wa duka amenuna.

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua kubwa, bila bila. Jozi ileile, nimeivaa kuanzia jana dukani. Jicho la kushoto linawasha kidogo. Vumbi.

Jumatatu, 13 Aprili

Vumbi hilo halijatoka.

Jumatano, 15 Aprili

Fundi amesema jicho langu jekundu. Nimemjibu na yeye shati lake jekundu. Nitapumzisha jicho kesho.

Ijumaa, 17 Aprili

Naandika kwa jicho moja, lingine limefungwa kitambaa, kwa hiyo mistari itapanda na kushuka.

Niliamka nikahisi mtu amenitia mchanga. Fundi akafungua pazia na mwanga ukanichoma mpaka nikapiga kelele. Akanishika mkono kama kipofu mpaka kwa daktari, na njiani hakunitania hata mara moja, ndipo nikaogopa kweli.

Daktari akanitia dawa ya rangi, akazima taa, akanitazama muda mrefu na mashine yake. Kisha akawasha taa, akavuta kiti karibu.

"Dada, jozi uliyovaa mwisho ina umri gani?"

"Siku moja."

Hakubisha. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akanisubiri. Mimi niliyewasubiri wachezaji waongo miaka kumi na moja hivyo hivyo, najua kusubiriwa.

"Tangu Machi ishirini na nane," nikasema.

Akaniambia kuna mkwaruzo kwenye kioo cha jicho na umeanza kuingia wadudu. Ningechelewa siku mbili au tatu kingekuwa kidonda, na kidonda cha pale huacha kovu, na kovu likiwa katikati hakuna miwani wala lenzi itakayosaidia. Maji ya chumvi ya nyumbani hayaui chochote, ndiyo yanayoleta balaa. Dawa ya matone kila saa, na bila lenzi mpaka aseme yeye. Nikamuuliza kuhusu Mei 16. Akasema, "Tutaona." Nikamwambia neno hilo limekaa vibaya mahali hapa. Akacheka kidogo, na mimi nikacheka huku nalia, jicho likauma zaidi.

Kisha nikamuuliza jambo lililonikaa. "Wewe mwenyewe unavaa zipi?"

"Za boksi jeupe."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza ipi ni bora, nikakujibu. Mimi nilikuuliza utavaa siku ngapi, maana nilitaka kujua ipi utakayoweza kuitupa. Ukanijibu kama mtu anayeniogopa."

Sikumwogopa. Niliona haya kuonekana mnyonge mbele ya msichana mwenye koti jeupe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu wangu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi, ndiyo maana sikumsikia.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa jikoni. Fundi alishamweleza. Kichupa kilikuwa juu ya meza mbele yake.

"Nimekuua jicho, mwanangu."

"Hujaniua jicho, mama. Nilijua. Niliambiwa mara tatu."

"Mimi ndiye niliyechemsha maji."

Akakichukua kichupa, akaenda nacho mpaka kwenye pipa la nje, la barabarani, akakitupa na kifuniko chake. Tangu niolewe katika nyumba hii, miaka kumi na mitatu, sijawahi kumwona mama akitupa kichupa. Nilimfuata pale barabarani nikamkumbatia. Siku zote nilidhani ubahili wake ni tabia. Leo ameniambia alipofiwa na mume, Fundi akiwa bado anatambaa, aliwahi kumchemshia mtoto uji kwenye kopo la rangi.

Jumamosi, 18 Aprili

Mechi yangu amepewa mwingine. Nimesikiliza mvua.

Jumanne, 21 Aprili

Mama ameweka saa ya mlio. Kila ikilia anatokea na dawa. "Lala chali." Hata nikiwa bafuni anagonga.

Jumatatu, 27 Aprili

Mwanga hauchomi tena. Fundi amenisomea gazeti lote la michezo kwa sauti, na kila akikuta refa amekosea ananitazama. Nimefurahi kutaniwa tena.

Jumanne, 5 Mei

Daktari amesema jicho limepona, halina kovu. Nimemwomba radhi kwa kumwona mchuuzi. Amesema amezoea, hata mama yake humwona hivyo.

Nimenunua maboksi meupe mawili. Macho yakikauka dukani nitavaa miwani, pale hakuna mvua wala penalti.

Jumamosi, 9 Mei

Nimechezesha na Bi Mdogo. Mvua imeanza kukatika. Kipindi cha pili lenzi zilikauka kidogo, nikapepesa macho, zikatulia. Baada ya mechi nilizivua nikazitupa na sikusikia chochote moyoni. Nilisimama pale pipani kidogo kujikagua kama kweli sisikii chochote. Sikusikia.

Jumamosi, 16 Mei

Kwanza mama. Asubuhi amenipa kipande cha sabuni ndani ya kifuko na taulo ndogo aliyoipiga pasi. "Ukishika jicho, nawa." Nimetia mfukoni na jozi tatu mpya.

Mvua imekwisha kabisa. Uwanja umekauka na upepo ulikuwa unazoa vumbi goli hadi goli, hali ya hewa mbaya kuliko zote kwa Bi Mdogo. Kalamu jukwaani, safu ya kwanza. Timu zote zinahitaji ushindi. Mpaka dakika ya sabini ilikuwa mbili mbili, na nilikuwa nachezesha vizuri, nalisema mwenyewe bila haya.

Dakika ya sabini na nne upepo ukanipiga usoni na punje ikaingia chini ya lenzi ya kushoto. Machozi yakajaa. Jicho la kulia lilikuwa linaona, lakini umbali ulipotea, sikujua mpira uko mbele ya mtu au nyuma yake. Na shambulio lilikuwa linakuja. Nilifikiri, kaza, zimebaki dakika kumi na sita, ukisimamisha mechi kwa ajili ya jicho mbele ya Kalamu umekwisha.

Mpira ukatoka nje. Nikapuliza, nikainua mikono miwili, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani, "Sioni. Subirini."

Uwanja mzima ukacheka. Mwamuzi wa akiba akaja na chupa ya maji, akanimiminia, nikanawa kwa sabuni ya mama, nikajifuta kwa taulo ya mama. Kocha mmoja akapaza sauti, "Refa, tukuletee na poda?" Nikacheka kwanza, kisha nikamwonyesha mahali pake pa kukaa. Nikaivua ile lenzi, nikaitupa kwenye mfuko wa takataka, nikafungua mpya, ikakaa kwa jaribio la kwanza. Mwezi Machi kazi hii ilihitaji familia nzima. Nikafumba, nikafumbua. Nikamwona kipa wa mbali akikwaruza pua.

Tukacheza zilizobaki na za nyongeza. Ikaisha mbili mbili. Hakuna aliyenilalamikia ila yule kocha, na yeye alilalamikia upepo.

Kalamu alinikuta mlangoni pale pale pa Machi, daftari lake limefunguliwa.

"Umesimamisha mechi dakika mbili na nusu."

"Ndiyo, mzee. Sikuwa naona."

"Ile penalti ya Machi uliiona?"

Mvua ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ningeweza kuitoa tena.

"Sikuiona. Nilipuliza kwa kelele za watu."

Akaandika kitu. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Wenye macho mazuri ninao wengi, na wanapuliza wasichokiona kila wiki. Nilikuja leo kutazama kama wewe ni mmoja wao."

Akatoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya goti, akatia sahihi nimesimama pale pale. Daraja la kwanza, kuanzia msimu ujao. Nilimshukuru kwa heshima zote, nikatembea mpaka nyuma ya ukuta, nikaruka ruka peke yangu kama mwendawazimu.

Nyumbani nilinawa, nikavua lenzi, nikazitupa, ndipo nikaenda jikoni na ile karatasi. Fundi aliisoma mara mbili kisha akaenda kuisoma dirishani mara ya tatu. Mama hakuigusa. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanivuta chini ya taa, akanifungua kope ya jicho la kulia kwa kidole gumba, akatazama, kisha la kushoto, akatazama muda mrefu zaidi.

"Mazima," akasema.

Ndipo nikalia, maana lenzi nilishavua.